Niliitikia Sauti ya Dungu la Bibi

Kambi ya Wakata Boriti,
Mbuchi,
Rufiji.

28 Agosti, 1994

Mpendwa dada Semeni,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umekaa kibarazani kwako, goti limepunguza kukusumbua, na kelele zilizopo nyumbani ni za watoto wakicheza, si za homa. Mimi kwa upande wangu ni mzima. Mgongo unauma, viganja vimeota sugu juu ya sugu, na nyayo zimekuwa nyeupe kwa kushinda topeni, lakini nakula, nalala na naswali. Alhamdulillahi.

Shemeji Shaabani anaendeleaje? Kikohozi chake cha kiangazi kimemwacha? Na mama mdogo Sijaona, bado anakataa kuvaa ile miwani aliyoletewa? Mwambie mimi mwanawe namwamkia, na kwamba miwani ikikaa kabatini haioni chochote.

Nimefurahi sana kusikia Abdulatifu amefika juzuu ya Amma, na kwamba Muzdalifa amemaliza kuota meno yote. Nawe mwanangu Mwanaharusi, najua ni wewe unayemsomea mama. Soma polepole, na usiruke mahali, hata ukiona maneno ya kutisha. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Dada, barua yako niliikuta Ikwiriri, kwa yule mzee mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Umeniandikia kwamba Rukaya na watoto hawatakanyaga nchi ambayo wafu wanawaita walio hai. Najua maneno hayo yametoka kwa nani. Ni kwa Mwinyimvua, mtoto wa mjomba, aliyefanya kazi hapa msimu mmoja akakimbia na kuacha hata shoka lake.

Sisemi kwamba Mwinyimvua amekudanganya. Aliyokueleza ndiyo yanayosemwa hapa. Lakini yeye aliondoka mapema, na mimi nimebaki, kwa hiyo nisikilize na mimi. Mke wangu Rukaya na wanangu wako nyumbani kwako, wanakula kwako, na sitawachukua kwa siri kama mtu anayeiba kuku. Nataka waje wakae na mimi, na nataka waje kwa ridhaa yako. Barua hii yote ni kwa ajili ya jambo hilo moja.

Unakumbuka kiwanda cha korosho kilipofungwa, tulivyoambiwa twende nyumbani tukasubiri. Nimechoka kusubiri tangu siku hiyo. Idd iliyopita nilipokuja, Muzdalifa alijificha nyuma ya khanga yako akakuuliza mimi ni mgeni wa nani. Ulicheka ili nisione vibaya. Nilikuona ulivyocheka.

Sasa nikueleze habari za huku.

Kazi yetu ni kukata mikoko kwa ajili ya boriti. Tunaingia na mtumbwi maji yakijaa, tunakata maji yakipwa, tunatoka yakijaa tena. Tope linafika mapajani na mbu hawajui mchana wala usiku. Kwenye mtumbwi wetu tuko watatu. Mkubwa wetu ni Mtoro, mtu wa Mbuchi, mtaratibu, mcha Mungu, anayejua kila mkondo kama unavyojua njia ya kisimani. Wa pili ni Nurdini, kijana mwenye maneno mengi na moyo mdogo. Wa tatu ni mimi, nao huniita Mmatumbi, kwa kabila langu, hata jina nadhani wamelisahau.

Huku kila kona ya maji ina mwenyewe. Kuna mkondo ambao watu husikia mnyororo wa nanga ukishuka, na hakuna meli. Wazee wanasema ni wale Wajerumani wa vita ile ya zamani, bado wanatafuta mahali pa kutia nanga. Kuna pori la mikoko ambalo saa ya swala ya Ijumaa husikika shoka likikata, na ukienda hukuti hata kijiti kilichokatwa. Usicheke, dada. Hata sisi vilimani tuna mapango ambayo hatuingii bila kubisha hodi, na hujawahi kuniona naingia.

Lakini mahali panapoogopwa kuliko pote panaitwa Dungu la Bibi. Dungu ni kile kilingo chetu cha kulindia shamba, ila wenzetu wamekifanya nyumba: nguzo ndefu, sakafu ya fito, paa la makuti, na jiko la udongo huko huko juu, kwa sababu chini ni maji. Msimu wa mpunga familia nzima inahamia dunguni kuamia ndege na kufukuza nguruwe.

Hadithi yake ni hii, nami naiandika kama alivyonisimulia Mtoro. Zamani, mwaka wa gharika, maji yalipanda na watu wa dungu hilo wakaanza kuhama kwa mtumbwi. Mtumbwi ulikuwa mdogo. Wakamwambia bibi yao, wewe kaa juu, uwe unaita, ili tukirudi kwenye ukungu tufuate sauti yako. Wakaenda. Mtumbwi ukapinduka wote wakafa maji. Bibi akaita mpaka dungu likachukuliwa na maji, na mpaka leo anaita. Anayemwitikia ndiye mwenye zamu ya kwenda kumchukua. Akifika, bibi humwambia, mbona umechelewa, na mtu huyo harudi tena.

Kwa hiyo watu wa Mbuchi wakipita pale wakasikia sauti, wanainamisha vichwa na kupiga kasia. Hapana kusalimu, hapana kuitika, hapana kuuliza.

Mimi hadithi hiyo nilikuwa sijaelezwa bado. Ilikuwa mwezi wa tano, mpunga wa watu unaanza kukomaa, asubuhi, jua limeshatoka. Tulikuwa tunapita kwenda kukata upande wa chini. Mtoro yuko nyuma na kasia, Nurdini katikati anachota maji yaliyovuja, mimi mbele. Nikasikia sauti ya mwanamke kutoka nyuma ya matete: hooo-weee.

Dada, unajua sisi tumelelewaje. Ukiwa kilingoni ukasikia mwenzako amepiga ukelele wa kufukuza nyani, unaitika, ili ajue uko macho. Usipoitika watu watakuja asubuhi kutazama kama umekufa. Sikufikiri hata kidogo. Nikaweka viganja mdomoni nikajibu kwa nguvu: hooo-haaa, tupo macho.

Kasia la Mtoro likasimama majini.

"Umefanya nini?" akaniuliza, kwa sauti ndogo kama yuko msikitini.

"Nimeitika. Kuna mtu anaita."

"Mmatumbi," Nurdini akasema, "umemsikia mtu?"

"Kwani wewe hukusikia?"

"Nimesikia. Tangu nizaliwe nasikia. Kusikia si kosa."

Sauti ikaja tena, mara hii ya haraka, kama ya mtu aliyefurahi. Mtoro akageuza mtumbwi tukarudi kambini, na siku hiyo hatukukata hata mti mmoja. Huko ndiko nilikosimuliwa hadithi yote, na walinisimulia wamekaa mbali kidogo na mimi. Sahani yangu ikawekwa peke yake. Nurdini akahamisha mkeka wake.

Mtoro hakunitukana. Aliniambia tu kwamba nisipokwenda, bibi atakuja mwenyewe kufuata sauti yangu, na kambini nina wenzangu wenye wake na watoto. Mpaka niende, hakuna mtumbwi utakaonipakia.

Usidhani nilikwenda kwa ushujaa. Mkata boriti asiye na mtumbwi ni mtu anayetazama miti kwa mbali. Ningekaa hivyo, Rukaya asingepata kitu kutoka kwangu, na mzigo wote ungekulemea wewe. Nilikwenda kwa sababu hiyo tu.

Kesho yake asubuhi wakanipa mtumbwi. Wakanichagulia ule mbovu kuliko yote, uliozibwa kwa matambara. Nurdini akaniambia nisikasirike, maana ule mzima bado mpya. Kisha akauliza redio yangu itabaki na nani. Nikamwambia itabaki na mimi. Akasema haya, lakini betri zake si nitaziacha? Mtoro akamfukuza, akanifungia mchele kidogo kwenye kitambaa cheupe. Akaniagiza niuweke chini ya nguzo kama nitaiona nguzo, nisome Ayatul Kursiyu, na nisitazame juu.

Niliingia kwenye kijito cha pale maji yakijaa. Matete yalikuwa marefu, sioni mbele wala pembeni. Nilikuwa katikati ya aya nilipopigwa na donge la tope kifuani, nikaketi chini ndani ya mtumbwi. La pili likanikosa.

"Toka, laana wewe," sauti ikasema. "Shamba la babako hili?"

Nikapaza sauti, nikasema mimi ni mtu.

"Mtu?" sauti ikauliza. "Samahani, mwanangu. Nilidhani nguruwe."

"Nguruwe na kasia, bibi?"

"Macho yangu hayafiki huko."

Matete yakaisha nikaliona dungu, na juu yake mwanamke mzee mwembamba, kombeo mkononi. Alinitazama sana. Kisha akasema, "Ndiwe uliyeitika jana?"

"Ndiye mimi."

"Mbona umechelewa?"

Dada, maneno yale yale. Nikasahau aya yote. Nilichokumbuka ni kile mama alichotufundisha, kwamba kiumbe kisicho mtu hujigeuza kila kiungo isipokuwa miguu. Nikamtazama miguu. Nikatazama kwa muda mrefu, mpaka hata yeye akaona.

"Unatafuta nini miguuni kwangu?" akasema. "Ni magaga tu, mwanangu. Chumvi ya hapa haina huruma. Panda ule."

Nikapanda. Kulikuwa na sufuria iliyoungua kitako, khanga zimeanikwa, kisahani cha pilipili, na kamba zilizotoka dunguni mpaka kwenye makopo shambani, akivuta kamba makopo yanalia na ndege wanaruka. Nikala wali na samaki wake, na wakati nakula nikajua sipo kwa mzimu. Mzimu hausemi chumvi imezidi kisha ukakuongezea.

Jina lake ni Bi Zamda. Alizaliwa huku huku, shamba hilo lilikuwa la marehemu baba yake. Aliolewa Mafia akiwa binti, akakaa huko umri wake wote. Mume alipofariki akaona arudi alime kwao. Anaingilia upande wa baharini na watu wa Mafia, na mpunga wake anawauzia hao hao, kisha msimu ukiisha anarudi nao. Ndiyo maana watu wa Mbuchi hawakuwahi kumwona. Walimsikia tu.

Msimu huu ulikuwa wake wa pili. Akaniuliza jambo lililokuwa likimsumbua.

"Nieleze, mwanangu. Watu wa Mbuchi nimewakosea nini? Mitumbwi yao inapita pale, naita, naita, wanainamisha vichwa kama wanapita msiba. Enzi za baba yangu mtu ukiamia ndege, jirani anapokea, na wa mbele yake anapokea, mpaka sauti inafika mtoni. Siku hizi wamekuwa na kiburi hivi?"

Nikamwambia ukweli. Nikasema, "Bi Zamda, hawana kiburi. Wanadhani wewe ni Bibi wa Dungu."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha akaacha kucheka.

"Mimi?" akasema. Akanyoosha kidole upande wa pili wa shamba, kwenye mikoko mikubwa karibu na bahari. "Yule yuko kule. Siku za ukungu namsikia. Mimi mwenyewe simwitikii."

Mahali hapo, dada, ningeweza kuishia. Ningekuandikia tu kwamba mzimu ulikuwa bibi mmoja mwenye magaga, na ungecheka na kumruhusu Rukaya. Lakini siwezi kumleta mke wangu kwa nusu ya habari. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Nilirudi kambini jioni jua likiwa bado juu, na kikapu cha pepeta aliyoitwanga Bi Zamda mwenyewe kutoka kwenye mpunga mbichi, imechanganywa na nazi. Nurdini aliponiona alisimama nyuma ya Mtoro. Akamwomba Mtoro anifinye. Mtoro akanifinya, nikapiga kelele, Nurdini akasema hata mizimu hupiga kelele. Hakuamini mpaka Mtoro alipochota pepeta, akasema bismillahi, akatafuna, akafumba macho.

"Hii imetwangwa na mtu," akasema. "Na mtu mwenyewe anajua kutwanga."

Habari ikafika kijijini kabla ya swala ya isha. Mke wa Mtoro anaitwa Sabra, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na yeye ndiye aliyelikata jambo. Alipolisikia jina alikaa chini.

"Zamda nilicheza naye rede," akasema. "Aliolewa Mafia mimi hata sijavunja ungo. Mtoro, misimu miwili mmemwacha mtoto wa watu anaita peke yake?"

"Tungejuaje, mama Hadija?"

"Mngeitika."

Kesho yake Sabra na wanawake wenzake walijaza mitumbwi wakaenda, na mimi nilikuwa mpiga kasia. Walilia, wakacheka, wakaulizana nani amekufa na nani amezaa. Bi Zamda aliwagombeza kwanza, akawapikia baadaye.

Basi nikuambie linalonihusu. Shamba la Bi Zamda ni pana, sehemu kubwa imeota majani kwa kukosa watu. Na shamba likiwa peke yake haliliwi na mwenyewe, linaliwa na ndege wa mto mzima na nguruwe wa pori zima. Anataka jirani. Ameniambia nichukue upande wa mashariki, nilime kama wangu, na nikae dungu langu mwenyewe. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na wazee, yakasemwa mbele yao, Mtoro akiwa shahidi wangu, na hakuna aliyepinga. Wengine walishukuru kwa kuwa hawakutakiwa wao.

Siku ambazo maji hayakuruhusu kukata boriti, nilikwenda kumsaidia kuamia, na alivuna kuliko mwaka wa kwanza. Mpunga wa huku ni mzuri, unanukia ukiwa bado chunguni. Na siku hizi hatungojei chama cha ushirika kije au kisije. Wanunuzi wanatoka Ikwiriri na Dar es Salaam kwa miguu yao, wanagombania. Kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe, naona mahali ambapo jasho langu linaweza kubaki nyumbani kwangu. Boriti nitakata kidogo kidogo, mpaka mgongo utakaposema basi.

Lakini kazi ya dungu si ya mtu mmoja. Lazima mmoja akilala mwingine awe macho. Na Rukaya, dada, sauti yake unaijua. Akisimama kilingoni kwenu, nyani wa kijiji cha pili wanahama. Bi Zamda nimemweleza habari hiyo, anamngoja kuliko mimi.

Najua utauliza shule. Ipo Mbuchi, na madrasa ipo. Sabra amesema siku za shule Abdulatifu atalala kwake, pamoja na wanawe, na Alhamisi jioni nitamfuata. Utauliza maji ya kunywa. Yapo ya mto, matamu yanapopwa, tunayachemsha. Na kama unataka kitu cha kuogopa, ogopa mamba na malaria. Hivyo sikufichi, vipo. Watoto hawataogea mtoni, na chandarua nimeshanunua, kikubwa, cha buluu.

Sasa nirudi kwa yule mwingine.

Nimemsikia. Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi, ukungu mzito hata makopo ya shambani hayaonekani. Bi Zamda alikuwa ameketi karibu yangu anaparua samaki, kwa hiyo si yeye. Sauti ilitoka upande ule wa mikoko mikubwa, nyembamba, ndefu, kama ya mtu aliyechoka kuita. Bi Zamda akanishika mkono wangu, magamba ya samaki yakiwa bado kwenye vidole vyake. Sikuitika. Huenda ni ndege nisiyemjua, maana huku kuna ndege wengi nisiowajua. Huenda si ndege. Nilimsomea Fatiha moyoni, na ukungu ulipoisha tulikuwa bado tumekaa vile vile.

Niliwaeleza kambini. Nurdini akasema, mnaona sasa, mimi sikuwa mjinga. Wakaanza kubishana, wa kuitika na wa kutoitika, mpaka chai ikapoa. Sabra alikuwa ameleta mihogo, akasikiliza, akauliza swali moja tu: huyo bibi na watu wake waliokufa maji, nani aliwahi kuwasomea?

Mtoro akasema babake hakuwahi kusimulia habari ya kisomo. Wazee wa msikitini wakaulizwa, nao wakasema hawakumbuki. Walikimbizwa na gharika, kila mmoja akaokoa wake, na maji yalipotoka watu wakabaki na hadithi. Hadithi waliipokea, kisomo hakuna aliyekipokea.

Basi Ijumaa iliyopita tulikwenda wote, Mbuchi nzima iliyoweza kupata mtumbwi, na wengine walitoka mpaka Dimani kwa kuwa wana undugu huku. Tulikaa kwenye mikeka shambani kwa Bi Zamda, mpunga umeshavunwa, ardhi imekauka. Tukasoma khitma na kuwaombea bibi yule na watu wake. Majina yao hakuna aliyeyajua, shehe akasema Mwenyezi Mungu anayajua. Ubwabwa ulipikwa kwenye masufuria ya harusi, na mpishi alikuwa Nurdini. Hakuinua kichwa kutazama mikoko ile hata mara moja, lakini alipika, na hakuunguza.

Wakati wa kurudi, Mtoro alisimama kwenye mtumbwi wake, akapaza sauti ya kuamia ndege, ingawa hapakuwa na mpunga wala ndege. Bi Zamda akaitika kutoka dunguni. Mtumbwi wa nyuma ukapokea, na uliofuata ukapokea, mpaka sauti ikapotea kwenye kona. Wazee walisema haijasikika hivyo tangu wakiwa watoto.

Tangu siku hiyo hakujaingia ukungu, kwa hiyo siwezi kukuambia kama yule bibi amepumzika. Natumaini. Ninachoweza kusema ni kwamba watu niliowakuta wakiinamisha vichwa sasa wanainua, na hao ndio majirani ninaotaka wanangu wakue nao.

Nimeshajenga dungu letu. Nguzo ni za mkoko mwekundu nilizochagua mwenyewe, paa nimeezeka mara mbili. Ngazi nimeipiga vipandio vya karibu karibu, ili Muzdalifa aweze kupanda bila kubebwa. Mtoro aliponiona aliuliza ngazi hii ni ya kuku au ya watu. Nikamwambia ni ya mtu mmoja mfupi.

Kwa hiyo, dada, hili ndilo ninalokuomba. Mwite Rukaya, akae karibu yako, na Mwanaharusi amsomee barua hii tangu mwanzo, pamoja na mamba, pamoja na sauti ya ukungu, bila kuficha mstari. Kisha mwacheni aseme mwenyewe. Si mimi, si wewe, si Mwinyimvua. Mkiona ana hofu, msimcheke wala msimsukume.

Akisema anakuja, aje kabla ya mvua za vuli, barabara ikiwa bado nzuri. Ashuke na lori mpaka barabara kuu, apande basi, avuke kwa pantoni pale Ndundu, ashuke Ikwiriri. Nitakuwa stendi tangu asubuhi. Asihangaike na vyombo, vipo. Alete mbegu za mbaazi za kwetu na ule mchi wake.

Akisema haji, sitakasirika na sitamwita mara ya pili. Nitamrudishia Bi Zamda shamba lake kwa heshima, na nitarudi vilimani mimi mwenyewe. Tutajua huko huko tutakula nini. Mwaka mwingine wa kuwa mgeni kwa wanangu siutaki, hata kama ni kwa mpunga mzuri kiasi gani. Ama waje dunguni ama nije kibarazani kwako. Nimechoka kukaa katikati.

Jibu litume kwa yule mzee wa Ikwiriri. Nitapita kwake kila siku ya kupeleka mzigo wa boriti.

Nisalimie shemeji Shaabani, mama mdogo Sijaona, na shangazi Biasha na watu wote wa nyumba yake. Nisalimie Mwinyimvua pia, mwambie shoka lake ninalo, nimelinoa, aje alichukue au aseme nilitumie. Abdulatifu mwambie baba yake anamsikia akisoma, hata kutoka huku. Muzdalifa mbusu, na usimwambie ni kwa niaba ya nani mpaka aulize.

Mungu akuzidishie afya na subira kwa namna ulivyonilelea familia yangu, na atukutanishe tukiwa wazima, popote Rukaya atakapochagua.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na kukuheshimu,

Mudathiri